Ubao wa Jahazi Umepasukia Juani

Leo nimeitwa mharibifu mbele ya wageni, jamani, na ukweli ninao mimi.

Mnajua napika kwa yule Mwingereza hapa Arusha. Mwezi uliopita aliletewa kwa treni ubao wenye nakshi, umetolewa kwenye jahazi lililozama zamani huko Tanga. Mzamiaji aliyeuleta alinisisitiza: “Ndugu yangu, usiuache ukauke. Ukikauka, umekwisha.”

Basi nikauloweka ndani ya pipa, na kila siku naubadilishia maji ya mfereji, haya ya kutoka Meru. Pipa zima, peke yangu!

Leo asubuhi bwana kaja: “Utoe, uanike juani. Wageni wanakuja saa kumi.”

“Bwana, utapasuka.”

“Nani kakuuliza?”

Nikauanika.

Saa kumi ubao uko vipande vinne. Bwana akawageukia wageni wake, kwa Kiingereza, akidhani sielewi: “Mnaona? Hawajui kutunza vitu vyao. Ndiyo maana tunawatunzia sisi.”

Wakacheka. Mimi nimeshika sinia la chai.

Kisha akaniamuru vile vipande nivifanye kuni.

Vitatu nimevichoma. Kimoja nimekificha chumbani kwangu, ndani ya ndoo ya maji.

Sasa niambieni, wenzangu. Kikikutwa kule, si mimi ndiye nitakayeitwa mwizi?