Hema la Leta

Chama chetu cha akina mama wa Bwiza kilikuwa na masufuria makubwa, miiko mirefu kama makasia, na sifa ya kupika pilau isiyoshika chini. Hatukuwa na hema. Mvua ya Bujumbura haina adabu. Ilikuwa ikitukuta kwenye harusi za watu na kutuongezea maji kwenye mchuzi, na wageni wakala hivyo hivyo kwa aibu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kazi ya kuunga maturubai ya zamani ilikuwa yangu, lakini turubai la kushona huvuja palepale sindano ilipopita. Nilikuwa nikishona matundu.

Tukaomba msaada kwa komine, ofisi inayosimamia mitaa yetu, kisha tukasahau kwamba tumeomba, maana ndivyo mtu anavyofanya akiomba kitu kwa Leta. Huku kwetu serikali tunaiita Leta. Ni neno la Kirundi, na hata tukizungumza Kiswahili hatulibadilishi. Leta imejenga barabara, Leta imesema, Leta imekataa. Hakuna anayelifikiria mara mbili.

Hema likaja. Lilikuwa jeupe, kubwa, linanuka upya, na limefuatana na viti. Prezida wa chama chetu, mama mfupi anayeuza mchele sokoni, alipiga vigelegele peke yake mpaka akakohoa. Kisha ofisa wa komine, bwana mwembamba anayeomba samahani kabla ya kila neno, akatueleza sharti. Siku hizi chama kikipewa kitu na Leta lazima kikitangaze hadharani, ili wananchi wajue mali yao imekwenda wapi. Hema liandikwe maneno yanayosomeka kutoka barabarani. Na katika kila shughuli, kabla watu hawajala, mmoja wetu asimame aseme tumepewa nini na nani. Prezida akauliza kama ni hata matangani. Ofisa akafikiri, akasema samahani, hata matangani.

Kazi ya kuandika alipewa mume wa prezida, anayechora mabango ya saluni. Yule bwana anaamini ukubwa. Tulikubaliana aandike MCHANGO YA LETA KWA AKINA MAMA WA BWIZA, lakini herufi zake za kwanza zilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili. MCHANGO likajaza upande wa mbele, juu ya mlango. LETA likajaza chini yake. YA akalibana katikati, na hema lilipoinuliwa likaingia ndani ya mkunjo, lisionekane tena. Sisi akina mama wa Bwiza tukaandikwa nyuma, upande wa masufuria. Nilimwambia kwamba YA imejificha.

"Ni neno kadogo," akanijibu. "Kila mutu anakajua. Hata kasionekane, atakasoma tu."

Na kwa watu wa Bwiza alikuwa sahihi. Tulilitumia hema kwenye shughuli kadhaa na hakuna aliyeuliza kitu.

Kisha ikaja harusi ya mtaa wa Kibenga. Baba wa bibi harusi ni mwenye duka la misumari na rangi hapa Bwiza, na alikuwa ameazima uwanja wa kaka yake karibu na ziwa. Bwana harusi anatoka Kigoma. Ndugu zake walifika na magari mawili, wamevaa vizuri, wanazungumza Kiswahili kilichonyooka ambacho kinakufanya ujione umekuja na kandambili. Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, mwalimu mstaafu mwenye miwani.

Nilikuwa nasuuza mchele nilipomwona amesimama mbele ya hema. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akawaita wenzake, wakafanya duara. Nilidhani wanalisifia hema letu.

Prezida akasimama kutoa tangazo. Yeye huogopa watu wengi, na akiogopa humeza maneno. Alisema kwa mbio: "Hema hii, mchango, Leta. Viti, Leta. Tunataka kila mutu ajue." Akaketi. Watu wa Bwiza wakapiga makofi. Watu wa Kigoma wakatazamana.

Nilipopita na maji ya kunawa, yule mwalimu akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole, "Dada, sisi ni wageni. Hapa kwenu huu mchango ni kabla ya kula, au baada?"

Nilidhani anauliza kuhusu tangazo. Nikamjibu, "Mbele ya kula, baba. Ni lazima. Komine ndiyo ilisema."

Akanishukuru, akasema kila nchi na desturi zake. Mara wanaume wa Kigoma wakainuka, wakaingia kwenye magari, wakaondoka. Pilau ikabaki imefunikwa. Baba wa bibi harusi alikuja jikoni kuuliza wageni wake wamekwenda wapi, na mmoja wetu akamtuliza kwamba wamekwenda kutazama ziwa. Akasema ziwa hilohilo wanalo kwao.

Walirudi kutoka soko la Ruziba na beseni la ndagala, wale samaki wadogo, wabichi wanaong'aa, mikungu ya ndizi, na mbuzi mwekundu asiyetaka kuingia. Waliingia kwa mstari. Wanawake wao wakapiga vigelegele vya kujikaza, na kila kitu kikawekwa miguuni pa bibi harusi. Mwalimu akakohoa.

"Tumesikia," akasema, "na tumeleta."

Baba wa bibi harusi aliiva uso. Alidhani wamechungulia masufuria wakaona chakula hakitoshi. Akasema kwamba nyumbani kwake pilau iko tele, na hakuna mutu aliyewatuma samaki.

Mwalimu hakubishana. Alinyoosha kidole juu. "Mzee, si mmeandika wenyewe?"

Tukainua vichwa sote. Kwa mara ya kwanza nikalisoma hema lile kwa macho ya Kigoma. MCHANGO. LETA.

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi harusi, ambaye siku ile hakutakiwa hata kuinua uso. Mabega yakaanza kutikisika chini ya shela. Shangazi yake akadhani analia, akamkumbatia, akamwambia ndoa ndivyo ilivyo, atazoea. Mimi nikachukua mwiko, nikaukunjua ule mkunjo ili YA ionekane.

Mwalimu akasoma upya. "Leta ni nani?" akauliza.

"Serikali, baba."

Akaketi. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye beseni la ndagala. Alipopata pumzi, akaniambia polepole, kama mtu asiyeweza kujizuia, kwamba hata hivyo ingekuwa *wa*.

Ndagala zilikaangwa palepale na kuisha kabla ya pilau. Mbuzi ndiye aliyeleta shida. Watu wa Kigoma walikataa kurudi na zawadi, na baba wa bibi harusi aliapa hatailaza kwake. Mwishowe chama chetu kikapewa mbuzi.

Baadaye komine ikaita vyama vyote uwanjani vionyeshe hadharani vilichopewa. Prezida wetu ni mkweli kupita kiasi. Alisema mbuzi yule amepatikana kwa sababu ya hema, kwa hiyo kumficha ni kudanganya wananchi. Tukasimama mbele ya umati na hema, viti, na mbuzi. Wiki iliyofuata vyama vya mitaa yote vilikuwa mlangoni kwa ofisa, vinaomba mbuzi.

Ofisa akaja kwenye cherehani yangu, amechoka. Akasema samahani, je, tungeweza kutangaza hadharani kwamba Leta haikutupa mbuzi? Prezida akakubali. Alisimama sokoni na kipaza sauti, akaogopa watu, akameza maneno kama kawaida: "Mbuzi, Leta, hakuna. Tunataka kila mutu ajue."

Jioni ile akina mama walianza kuja nyumbani kwangu, mmoja mmoja, kutupa pole. Walikuwa wamesikia kwamba Leta imetunyang'anya mbuzi. Mmoja alikuja na maganda ya ndizi, ili mbuzi akirudishwa asikose chakula. Mbuzi alikuwa nyuma ya ua, analia kwa nguvu. Nikapokea yale maganda, nikashukuru, nikayapeleka nyuma.