Amplifaya Isiyopata Joto

Kaka yangu alipofariki, wazee walinipa amplifaya yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia gitaa la kuitikia kwenye kwaya. Aliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Ni ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Ukiiwasha unangoja taa zipate moto ndipo gitaa liseme, na kuibeba kunataka watu wawili.

Mimi nimepanga chumba hapa Tunduma, na ukuta mmoja natumia na jirani. Ile ya valvu haijui kunong'ona; utamu wake unatoka ukiifungulia, na nikiifungulia jirani anagonga. Basi nikanunua ndogo, nyepesi, naibeba kwa mkono mmoja kama nimetoka dukani. Ina betri, umeme ukikatika haijali. Ina hata kitufe cha kuigiza sauti ya valvu. Niseme ukweli, niliipenda. Ya kaka niliifunika kitenge, juu yake nikaweka ndoo ya maji.

Mwaka huu tulikwenda Isansa, huko Mbozi, kuweka msalaba kaburini kwake. Shemeji, mjane wa kaka, alikuwa ametuma neno kwamba anaomba gitaa lipigwe kwa amplifaya ya marehemu. Nilimjibu sawa. Asubuhi ya safari nikafikiria kumtafuta mtu wa kunisaidia mpaka stendi, na konda atakavyonung'unika, nikachukua ile nyepesi. Nilijiambia kile kitufe kitatosha. Niliificha nyuma ya benchi la kwaya, nimeifunika kitenge kilekile.

Tulipiga vizuri. Watu walilia, na mpiga besi akanitania kwamba leo marehemu ameniazima vidole. Nikafurahi. Hilo nalo linanichoma.

Msimu ule Mbozi ni baridi. Enzi za kaka, shemeji alizoea kukaa nyuma ya amplifaya na viganja juu yake, akiota joto, wanakwaya wakisema ameolewa na jiko. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Wimbo ulipokwisha alikuja nyuma ya benchi, akapenyeza mkono chini ya kitenge. Hakufunua. Aliuacha pale mpaka mimi nikatazama chini.

"Shemeji," akasema taratibu, "ile ya kaka yako iliungua?"

Ningesema ndiyo, angekubali. Niliona kwamba alikuwa ananipa pa kutokea.

"Hapana. Ipo nyumbani. Ni nzito."

"Ni nzito," akasema. "Upande mmoja nilikuwa nabeba mimi."

Alikwenda kuwapakulia wageni chakula, na mimi sahani aliyoniletea sikuweza kuimaliza.

Wiki iliyofuata alipanda gari kuja Tunduma bila kunipa taarifa. Alinikuta mlangoni, ile nyepesi ikiwa mapajani mwangu. Nikamkaribisha ndani, na hapo ndipo nilipokumbuka ndoo. Aliitua mwenyewe, akaiweka sakafuni, akafuta kwa khanga yake alama ya maji iliyokauka juu ya amplifaya. Nilitaka kueleza habari za jirani na za ukuta.

Akainama, akashika upande wake, mkono ukienda wenyewe kwenye mpini. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kushika.