Nyumba Safi

Migdalia Cotto hakuwahi kumwamini mtu mwenye kalamu mkononi. Mwanawe Wilfredo alipokuwa na miaka tisa, akirusha viti darasani, watu wa ofisi ya ustawi wa watoto waliingia kwake na mafaili yao. Kila alichosema kiliandikwa, na kila kilichoandikwa kilimrudia mahakamani kikiwa kichwa chini miguu juu. Kijana alipotulia, mama akaanza kuwasindikiza wazazi wengine wa mji wa Rochester wenye watoto wa namna hiyo. Miaka kumi na moja alikaa jikoni kwao, akala wali wao wa mbaazi, akaingia nao kwenye vikao vya shule, bila cheti wala kitambulisho.

Kisha shirika lililokuwa likimtuma kwa wazazi hao likasema asiye na cheti cha mzazi-mtetezi haingii tena kikaoni. Kozi, mtihani, barua za wadhamini, na kurasa mbili za kueleza jinsi alivyomlea mtoto wake. Kurasa hizo mbili zilimkosesha raha wiki nzima.

"Wanataka kunichimba," alimlalamikia Wilfredo.

"Walishakuchimba zamani, Mami, wamebakiza nini? Andika tu."

Akaandika, shingo upande, na akafaulu. Jumanne alipanda ngazi kwa Yaritza Lebrón, mmoja wa wazazi aliowasindikiza, theluji viatuni, kadi mpya shingoni. Alhamisi shule ilikuwa iamue kama itamwondoa Jadiel, mtoto wa Yaritza aliyevunja viti, darasani. Mbele ya walimu Yaritza alikuwa mwoga. Bila mtu wa kumshika mkono alikuwa akitia sahihi chochote alichosogezewa.

Mlango ulifunguliwa kidogo, mnyororo haukutolewa.

"Umevaa nini hicho shingoni?"

"Kadi yangu. Sasa hawawezi kunizuia kuingia nawe."

"Na ukitoka hapa, unaandika?"

Migdalia angeweza kudanganya. "Naandika. Ni lazima tangu nianze kozi. Lakini kwako naandika mazuri tu, mwanangu. Ngoja nikusomee."

Akatoa daftari, akasoma ya wiki iliyopita, kwa fahari kidogo: mama anampenda mtoto, chakula kipo, nyumba safi.

"Nyumba safi," Yaritza akarudia taratibu. "Kwa hiyo ulikuwa unakagua."

"Sikukagua. Niliona tu."

"Wote huwa wanaona tu, Bi Migdalia. Mimi nakupikia kahawa, kumbe wewe unahesabu vyombo kwenye sinki."

Migdalia alitaka kukasirika, akashindwa. Zamani, mlangoni kwake, yeye angesema maneno hayo hayo, tena kwa ukali zaidi. Aliona aibu.

"Alhamisi nikupitie saa ngapi?"

"Usinipitie. Na leo andika hukunikuta."

Mlango ukafungwa. Migdalia alikaa kwenye ngazi na daftari magotini. Akiandika kwamba mzazi amekataa kumpokea, ofisini kuna atakayelisoma hilo, na Alhamisi litakuwa mezani pamoja na viti alivyovunja Jadiel. Kwenye mtihani aliapa kuandika kweli tupu. Akaandika: sikumkuta. Akatia sahihi, majina yote matatu, na cheo chake kipya chini yake.

Akiwa bado amekaa pale, alisikia maji yakifunguliwa ndani. Yaritza alikuwa anaosha vyombo.