Baba kavaa barakoa kwa hasira

Jamani, leo Baba kavaa mashine yake bila kubembelezwa!

Kwa msiojua, Baba akilala pumzi hukatika, halafu anashtuka kama katolewa ziwani. Daktari alimpa mashine ya kumpulizia hewa, ina barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Huwa hataki hata kuiona. Baba ni mtu wa stori, na ukishaivaa hiyo, stori basi.

Sasa leo mchana Mama kampa jirani ule samaki mkubwa, mgebuka, ambao Baba aliuchagua mwenyewe mwaloni kwa wavuvi.

Weee! Baba kanuna, kaingia chumbani.

Mama akamfuata. "Baba Zuhura, tuongee basi."

Baba akavaa barakoa, akakaza mikanda, akaionyesha kwa kidole: siwezi kuongea.

Akageukia ukutani, usingizi ukamchukua.

Tukasimama mlangoni kusikiliza. Pumzi inaenda, inarudi, haikatiki. Mama akafuta machozi kwa kitenge.

Alasiri Baba kaamka mwepesi, anacheka, anaomba chai. Hasira zimeisha kabisa.

Mama kanivutia jikoni, kaninong'oneza: "Mwanangu, usiku tumuudhi na nini?"

Leteni mawazo, ila yasivunje ndoa ya watu. 😂