Biskuti za Wifi wa Ng'ambo ya Uzio

Mama yangu, Otylia, aliolewa karibu na mji wa Sandomierz mwaka 1961. Alitokea upande wa pili wa mto Wisła, kwenye ardhi ya mchanga ambako watu walipanda viazi tu, na siagi iliuzwa, haikuliwa. Kwetu ilikuwa miteremko ya miplamu, na ng'ambo ya uzio aliishi Walentyna, dada mkubwa wa baba. Hakuolewa. Ndiye aliyemlea baba tangu mama yao alipofariki, na kijiji kizima hakuna aliyemfikia kwa kołaczki, zile biskuti za mraba zenye jemu katikati, pembe mbili zikikunjwa na kukutana juu yake kama blanketi la mtoto mchanga.

Krismasi ya kwanza mama alitaka kumfurahisha wifi yake, akazioka mwenyewe. Zote zilifunguka ndani ya jiko, jemu ikachuruzika na kuungua. Sinia lilipowekwa mezani, shangazi alilitazama, akasema mbele ya wageni:

"Wifi, hivi umetuokea biskuti au viatu vilivyofumuka?"

Watu walicheka. Baba naye akacheka. Mama pia alicheka, halafu akatoka kwenda kumkamua ng'ombe ambaye alikwisha kukamuliwa.

Tangu hapo sahani ya biskuti za Krismasi ilitoka kwa shangazi. Mama aliipokea kwa adabu, akaiweka mezani, na hakugusa hata moja. Lakini kila Alhamisi, shangazi akishaondoka na kapu lake kwenda sokoni, mama alitandika unga mezani na kujaribu tena. Aligundua kwamba unga ule wa siagi na jibini laini unataka kulala usiku mzima mahali pa baridi. Aligundua kwamba jemu ya plamu haijaiva mpaka kijiko kisimame chenyewe, na kwamba pembe hupakwa ute wa yai kabla ya kubanwa. Sisi watoto tulikuwa na kazi ya kuula ushahidi wote kabla ya saa sita. "Futeni midomo," alituambia, "na mkiulizwa, mmekula mkate."

Miaka ikaenda hivyo, tukakua. Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka ishirini nilipokuja nyumbani likizo, na mkesha wa Krismasi sahani haikuja. Mama alisubiri mpaka mchana. Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akapita penye pengo la uzio, nami nyuma yake.

Shangazi alikuwa ameketi mezani. Unga ulikuwa umekatwa vizuri, lakini jemu ilikuwa imetapakaa kila mahali, na pembe zilichanika. Mikono yake ilitetemeka. Aliificha chini ya meza tulipoingia. Mama alinawa mikono, akavuta kiti.

"Wewe weka jemu. Mimi nitakunja."

"Nitaimwaga."

"Mwaga."

Walifanya kazi mpaka sinia la kwanza likawa tayari kuingia ndani ya jiko. Shangazi aliziangalia zile pembe zilizobanwa sawasawa, akatikisa kichwa.

"Alhamisi zote hizo, Otylia, ulidhani pua yangu naiacha sokoni? Harufu ilikuwa inanisubiri mlangoni."

Mama alijifuta unga kwenye aproni, akamuuliza kwa nini basi hakusema kitu. Shangazi akasogeza bakuli la jemu kando.

"Nilikuonea, wifi. Ulipokuja ukamchukua mdogo wangu, nilibaki peke yangu upande huu wa uzio. Ningekupa na jiko pia?"

"Miaka ishirini na mbili," mama akasema. "Ungesema mapema tungekula nyingi zaidi."

Walizioka pamoja Krismasi kumi na moja zilizofuata, wakibishana kuanzia siagi mpaka sukari ya unga. Shangazi alifariki wakati miplamu inachanua. Nyumba zote mbili zimeuzwa, baba naye hayupo, na mama anaishi nami mjini Kielce, ghorofa ya nne, ambako analalamika kwamba plamu za dukani hazijawahi kumwona nyigu.

Septemba iliyopita nilikwenda kule kwetu. Wenye shamba wa sasa wakaniruhusu kuchuma ndoo mbili za plamu. Mama alizipika siku mbili, madirisha yakajaa mvuke, na muda wote aliongea habari za Walentyna: alivyokunja uso, alivyoficha mapishi, alivyoimba kwa sauti mbaya kanisani. Nikamwambia hata baba hamtaji hivyo.

"Baba yako alikuwa mume mwema, sikugombana naye," alisema. "Walentyna ndiye niliyempata kwa kugombana."

Kisha akanipa mwiko, akaniambia nikoroge jemu mpaka chini, isishike sufuria.