Kioo Kimezimwa, Sauti Iko Macho

Tangu presha ya macho iniondolee nuru, kompyuta yangu hunisomea kwa sauti kila kilichoandikwa, nami hutafsiri vitabu vya maelekezo ya mitambo. Ndiyo kazi yangu, hapa hapa Bagamoyo, sebuleni kwa marehemu mama. Kwa muda mrefu kompyuta hiyo ilikuwa na kasoro moja: ikinyamaza kidogo tu, ikianza tena humeza maneno ya mwanzo. Ujumbe wa watu wa pwani haukunisumbua. Wao huanza na salamu, hali, watoto na mvua, kwa hiyo kilichomezwa kilikuwa salamu tu. Ila maofisi ya Dar huingia moja kwa moja kwenye jambo, na jambo lenyewe ndilo lililoliwa. Hapo nilimwita mdogo wangu aje anisomee.

Mdogo wangu huyu wa kike niliishi naye nyumba moja. Alikuwa amechumbiwa na mwanamume wa Chalinze mwenye mgahawa pale yanaposimama malori, na harusi ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja. Sababu ni mimi. Kila upande wa mchumba ulipouliza, alijibu lile lile: "Kaka atasomewa na nani?" Nilikasirika aliposema hivyo mbele ya watu, kana kwamba mimi ni kabati la kutafutiwa mlinzi. Lakini kesho yake nilimwita tena anisomee.

Kisha nikapewa kazi ya kutafsiri maelezo ya namna kompyuta inavyobana umeme. Nikajifunza kwamba kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoitawala mashine, ni bahili kweli kweli. Kazi ikipungua, hushusha kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kama mpishi anavyopunguza makaa wali ukishakauka. Kifaa kisichotumika hukilaza kabisa. Hata sehemu ya sauti hulazwa, na ikiamshwa huchelewa kidogo, wakati sentensi imeshaondoka. Nilicheka peke yangu. Kumbe nilikuwa natafsiri maradhi ya kompyuta yangu mwenyewe!

Nikaandika amri ya mstari mmoja kuzuia sauti isilazwe, na maneno yakarudi mazima. Sasa tabu ikawa betri, maana umeme wetu hukatika upendavyo na sauti iliyo macho muda wote hula chaji. Nikaishusha prosesa kwenye kasi ya chini. Kusomewa hakuhitaji haraka. Bado haikutosha. Mdogo wangu alikuwa ameketi mkekani, ameapa kutonisaidia siku hiyo ili tuone kama naweza peke yangu. Uvumilivu ukamshinda.

"Kaka, na hicho kioo je?"

"Kimefanyaje?"

"Si kinawaka kwa mwanga wa mwisho. Mimi mwenyewe hukiwasha kila asubuhi."

"Unamwashia nani?"

Tukacheka mpaka akapaliwa. Miaka yote ameniwashia taa nisiyoiona, kwa sababu kompyuta yenye kioo cheusi aliiona kama imekufa. Nikakizima. Umeme ulipokatika mchana ule niliendelea na kazi mpaka ukarudi, wala sikumwita.

"Waambie watu wa Chalinze waje tupange siku," nikamwambia.

Alilia. Mimi nilijitia ugumu, nikaendelea kubonyeza vitufe.

Siku chache baada ya harusi nilimpigia simu, jua likiwa tayari linachoma. Akapokea mumewe.

"Shemeji, bado amelala," alisema, na nikasikia wasiwasi wake. "Kila siku ndivyo hivi. Hasikii malori, hasikii adhana, hata nikimwita. Kwani alikuwa hivi na huko kwenu?"

Huko kwetu, saa yoyote ile, hata usiku wa manane, nilikuwa sijamaliza kumwita ameshaitika. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

"Hana ugonjwa," nikamwambia shemeji. "Mwache alale."