Boti ya Mashine Mbili na Mguu wa Mama Tupo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hasira hunipanda upya, bibi mzima kama nilivyo. Wengine husema uzee hupoza moyo. Wangu kwa jambo hili haujapoa.

Nilikuwa msichana wa Lufingo, sijaolewa bado, nikiuza ndizi pamoja na shangazi yangu Gwantwa. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na kila mwenye mtaji akawa na ruksa kununua alichotaka. Ndizi tulizipakia kwenye lori pale Tukuyu, tukateremka nazo hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha tukazivusha kwenda vijiji vya chini ya milima ya Livingstone, ambako gari halikufika. Mwanzoni tulivuka kwa mitumbwi. Halafu tajiri mmoja akaleta boti ya mashine mbili, yenye nguvu za kutisha, na usukani akamkabidhi Lusekelo, mtoto wa kumzaa wa shangazi yangu.

Tulifurahi, nisikufiche. Safari iliyotuchosha kutwa nzima ikawa ya asubuhi tu. Lakini boti ile ilikuwa na adabu ikiwa katikati ya ziwa peke yake. Ikikaribia watu, inakuwa ng'ombe dume aliyekata kamba. Lusekelo alikuja mbio hadi karibu kabisa na mchanga ndipo apunguze moto, na akipunguza, usukani haushiki tena, pua inakwenda itakako. Wanawake waliosimama majini kupokea mizigo wakawa wanakimbia kila boti inapoingia. Yeye anacheka. Na vijana wa ufukweni wanampigia makofi, maana mjinga akipata mshangiliaji huwa amepata mwalimu.

Siku hiyo, pale Matema, Mama Tupo alikuwa amesimama maji ya magotini kando ya mtumbwi wake. Alikuwa Mkisi, mfinyanzi wa kijiji cha Ikombe, mwanamke mpole, na mtumbwi ulijaa vyungu alivyotaka kuvipakia kwenye boti. Lusekelo akaja kama kawaida yake. Akachelewa kupunguza, akashtuka, akazitia mashine zote mbili gia ya nyuma kwa nguvu. Tako la boti likapinda, maji yakainuka, yakaunyanyua mtumbwi na vyungu vyake na kumbwaga nao Mama Tupo juu ya mawe. Nilikuwa karibu. Niliusikia mfupa wa mguu ukivunjika.

Tulipomwinua hakulia. Alitazama tu vigae vya vyungu vikizama. Wanaume wakambeba kwenye machela kumpeleka hospitali.

Lusekelo akashuka, uso umempauka, na neno lake la kwanza likawa, "Si mimi, mama. Ni hizi mashine. Boti hii haijui kwenda polepole."

Shangazi Gwantwa alikuwa mwanamke mfupi, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata siku ile hakuipaza.

"Mashine haina mama," akamwambia. "Wewe unaye, na ni mimi. Umeshika kitu chenye nguvu kuliko akili yako, ukaona ndiyo sifa. Kama hujui kukisimamisha, hujui kukiendesha. Usinisemeshe mpaka ujue."

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Shangazi hakutaka kuuachia ulimwengu kazi yake.

Kesho yake tajiri mwenyewe akaja. Nilidhani atauliza hali ya mgonjwa. Akauliza kwa nini mizigo haijapakiwa. Shangazi akamjibu kwamba hakuna mwanamke atakayepakia wala kupanda mpaka boti ijifunze kuingia kwa heshima. Tajiri akatabasamu, tabasamu ambalo ningeweza kulifuta kwa kofi.

"Mama, hao watazoea tu. Sikununua boti itambae kama kobe."

"Boti ni yako, baba," shangazi akasema. "Miguu ni yetu."

Akajitwisha mkungu wake akaondoka, na sisi sote nyuma yake, Wanyakyusa kwa Wakisi. Tukarudi kwenye mitumbwi. Boti ikaenda tupu ikarudi tupu, leo hivyo, kesho hivyo, hadi tajiri akachoka kuchoma mafuta bure. "Basi mfundisheni nyinyi mnaojua," akasema kwa kejeli. Shangazi hakuijali kejeli. Akapanda botini, akaketi mbele na mwavuli wake, akaniita nami. Tukaenda ghubani, mahali pasipo watu, Lusekelo akatosa shina la mgomba lililofungwa jiwe ili likae pale pale.

"Hilo ni Mama Tupo," shangazi akamwambia. "Mfikie bila kumgusa."

Mwanangu, alimgonga Mama Tupo yule wa mgomba mpaka maganda yakachanika. Shangazi hakujua lolote la mashine, ila kila boti iliposhtuka alisema, "Mgongo wangu unasema umekosea. Rudia." Naye akarudia, jasho likimtoka, siku baada ya siku. Polepole akaanza kuona. Aliona kwamba kwenye mwendo mdogo usukani haumsaidii, bora auache umenyooka na afanye kazi kwa gia mbili. Mashine ya kulia akiitia gia ya mbele na ya kushoto gia ya nyuma, zote kwa moto mdogo kabisa, boti inageuka kushoto papo hapo iliposimama. Mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wakipata mchungaji hulima shamba. Aliona pia kwamba moto mdogo wa mashine mbili bado ni mwingi, kwa hiyo akaiacha moja tu ifanye kazi. Anatia gia kidogo, anatoa, anaiacha boti iteleze yenyewe, anasoma upepo, anatia tena. Na akajifunza kupunguza mapema, akiwa bado mbali, wakati hakuna anayemwomba.

Siku moja shangazi akasinzia chini ya mwavuli. Alipoamka, shina la mgomba lilikuwa ubavuni mwa boti, halijatikisika. Alinyoosha mkono akaligusa.

Lusekelo alikwenda Ikombe kumwomba Mama Tupo radhi. Mama Tupo alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Maneno nimeyasikia. Nitakutazama ukiingia." Mguu ulikuwa umeunga vibaya, alichechemea tangu hapo, na tajiri hakumpelekea hata chungu kimoja. Hilo sijamsamehe.

Siku boti iliporudi kazini, ufukwe mzima ulijaa watu. Wanawake wakakaa juu mchangani, mbali na maji. Lusekelo akapunguza angali mbali, akazima mashine moja, akaja anatia na kutoa gia, boti ikateleza kama mwendo wa kwenda msibani. Ndipo Mama Tupo akainuka na fimbo yake. Aliingia majini peke yake, hadi magotini, akasimama pale pale alipovunjikia. Pua ya boti ikasimama mbele yake, umbali wa mkono. Akaishika kamba.

"Leteni mizigo," akatuambia.

Basi, mwanangu, leo mnapita sokoni Isongole na bodaboda mkiwavumishia moto wazee, na wengine wenu mmepewa vyeo mnavyoviendesha hivyo hivyo. Mbio si nguvu. Hata jiwe linaloporomoka Mlima Rungwe lina mbio. Mwenye nguvu ni yule anayeweza kuikaribia miguu ya wanyonge asiivunje. Punguza kabla hujaombwa. Ukivunja, usisingizie mashine. Na ukiambiwa "mtazoea" na mtu ambaye mguu wake ni mzima, usizoee. Shusha mzigo wako, uondoke.

Kyala, Mungu wetu, akujalie nguvu nyingi, na mkono mtulivu wa kuzishika. Watu wakikuona unakuja, wasikimbie. Ndaga, yaani asante, mwanangu. Nenda salama.